KUPANGA NI KUCHAGUA: METHALI ZETU NA KAZI ZA KAMATI

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika. Tunaichapa hapa kwa maombi ya washiriki wengi.



Nimepewa mada inayosema "Utendaji wa Kamati na Uendelevu wa Miradi". Ni mada nzuri, lakini nyote mmeisikia zaidi ya mara moja, na wengine mnayo makabrasha yake nyumbani yakiwa bado ndani ya mabahasha. Kwa hiyo leo naomba tuifikie kwa njia nyingine. Nataka tuzungumze juu ya methali, maana katika kila kikao cha kamati nilichowahi kuhudhuria nimekuta kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mtunza hazina, na kuna methali. Na mara nyingi anayetoa uamuzi wa mwisho si mwenyekiti. Ni methali.

Mnajua inavyokuwa. Mjadala umepamba moto, kinamama wanataka kisima kitengenezwe mwezi huu, mtunza hazina ana wasiwasi. Kisha mzee mmoja anakohoa kidogo, anasema: "Ndugu zangu, haraka haraka haina baraka." Watu wanatikisa vichwa. Ajenda inayofuata! Hakuna aliyeuliza bei ya kipuri, wala nani atakwenda mjini kukinunua. Methali imefunga mjadala, na kisima kimebaki kibovu.

Ndugu zangu, sisemi methali ni mbaya. Methali ni hekima ya watu wengi ikiwa imefungwa katika maneno machache. Lakini kitu kilichofungwa inabidi kifunguliwe ndipo kiliwe. Leo tufungue chache.

1. Luther naye alikuwa mtu wa methali

Wapo wanaodhani methali ni mambo ya vijiweni, hayahusiani na Kanisa. Lakini Biblia yetu inacho kitabu kizima kiitwacho Mithali. Na Martin Luther mwenyewe, ambaye jina lake tunalibeba, alikusanya methali za Kijerumani kwa mkono wake mwenyewe. Mkusanyiko wake una methali karibu 490, na ulichapwa mwaka 1900, zaidi ya miaka 350 baada ya kifo chake. Mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg akisubiri habari za mkutano wa Augsburg ambako ungamo letu lilikuwa linasomwa, alitumia sehemu ya muda wake kutafsiri hadithi za wanyama za Esopo. Mtu aliyekuwa na mzigo mzito kiasi hicho hakuona aibu kushughulika na hadithi za mbwamwitu na mwanakondoo.

Upo pia msemo maarufu unaoelekezwa kwake, kwamba hata angejua dunia inaisha kesho, leo angepanda mti wa tufaha. Tumeusikia kwenye uzinduzi wa miradi mingi ya miti. Ukweli ni kwamba msemo huo haumo katika maandiko yake yoyote. Maandishi ya kwanza yanayojulikana kuutaja ni ya mwaka 1944, huko Ujerumani, wakati wa vita. Je, tuuache? Hapana, ni msemo mzuri, tupande miti. Ila tujifunze jambo moja: msemo mzuri hauwi wa kweli kwa sababu ya jina la aliyeusema. Unapimwa kwa matunda yake. Hali kadhalika msemo wa mzee wa kamati, na msemo wa mratibu wa miradi pia.

2. Methali hutembea wawili wawili

Methali moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na ya tatu inasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ipi ni ya kweli? Zote. Wazee wetu hawakuwa wamechanganyikiwa. Walijua kuna wakati wa kungoja na wakati wa kukimbia, wakatuachia methali kwa kila wakati.

Anayeona hilo ni ajabu afungue Mithali sura ya 26, asome aya ya 4 kisha aya ya 5. Moja inakataza kumjibu mpumbavu kwa kadiri ya upumbavu wake, na inayofuata inaamuru kumjibu vivyo hivyo. Ziko jirani, wala hakuna aliyeona haja ya kuifuta moja. Biblia inatuachia sisi kazi ya kupambanua.

Kwa hiyo methali haikuchagulii. Wewe ndiwe unayeichagua methali, na mara nyingi tunachagua ile inayotuacha tumekaa. Napendekeza kanuni ndogo kwa kamati zetu: mjumbe akitoa methali, katibu amwombe atoe na ya pili inayoipinga. Baada ya hapo mjadala uendelee juu ya jambo lenyewe.

Kanuni ya pili ni nyeti zaidi. Tuangalie methali inasemwa na nani, kwa nani, na nani analipa gharama yake. "Mvumilivu hula mbivu" ni neno la faraja likisemwa na mtu anayevumilia. Likisemwa na aliyekaa kivulini kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kufuata maji mtoni, limekuwa kitu kingine. "Penye wazee haliharibiki neno" ni neno la heshima, lakini nimeliona likitumika kumnyamazisha binti wa kamati aliyetaka tu kusema kuwa hesabu hazikubaliani. Kinamama wa pwani wamejua siku nyingi kwamba asiyepewa nafasi ya kusema hujisemea kwa maandishi ya kanga yake. Ni jambo zuri, ila kamati ya usharika isiwalazimishe kinamama kufika huko. Tuwape nafasi kikaoni.

3. Chagua shamba, usichague jembe

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipowasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, alitupatia maneno matatu ambayo yamekuwa methali ya taifa: Kupanga ni kuchagua. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kutekelezwa. Nchi maskini haiwezi kufanya kila kilicho chema kwa wakati mmoja. Ukikubali hiki, umekiacha kile.

Wazee walikuwa wamelisema kwa mfano wa fisi. Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama huku na harufu ya nyama kule. Akatia mguu huku na mguu kule, akapasuka msamba. Njia mbili zilimshinda fisi.

Upo usharika mmoja, sitautaja, uliokuwa na miradi mitano kwa pamoja: chekechea, mashine ya kusaga, kuku, ukumbi na zahanati. Kila mradi ulikuwa na jiwe la msingi na hakuna uliokuwa na paa. Kila mgeni aliyepita alionyeshwa kile anachokipenda, akachangia kidogo, nao wakaanza kingine. Waumini walichoka kuchangishwa, na hawakuwa wavivu. Walikuwa hawajawahi kuona kitu kikiisha. Siku kamati ilipoamua kusimamisha minne na kumaliza chekechea tu, sadaka za mradi ziliongezeka. Watu hupenda kuchangia kinachosonga mbele.

Lakini sikilizeni pia methali nyingine: mchagua jembe si mkulima. Mbona hii inakataza kuchagua? Haikatazi. Inamsema yule anayekagua majembe yote dukani mpaka mvua za kwanza zinapita. Kamati zetu hutumia saa tatu kubishana aina ya pikipiki ya kununua, na dakika kumi kuamua pikipiki hiyo itafanya kazi gani na mafuta yatatoka wapi. Tumechagua jembe tukasahau shamba. Shamba ndilo linalohitaji saa tatu.

4. Haba na haba, lakini kibaba kiwe hakijatoboka

Methali inayopendwa kuliko zote wakati wa harambee ni haba na haba hujaza kibaba. Vijana wengi leo hawajui kibaba ni nini. Ni kipimo cha nafaka, na vibaba vinne ni pishi moja. Maana yake ni kwamba kidogo kidogo hujaza kipimo, yaani kitu ambacho ujazo wake unajulikana. Haba na haba zikimiminwa ndani ya kapu lililotoboka hazijazi chochote.

Tufanye hesabu. Kisima kinachotumiwa na kaya 40, kila kaya ndoo 4 kwa siku, kila ndoo shilingi 50. Hiyo ni shilingi 8,000 kwa siku, na kwa siku 30 ni shilingi 240,000. Hata nusu ya kaya zikishindwa kulipa, bado ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Hapo fedha ya kipuri cha mpira itapatikana bila barua kwenda ng'ambo. Hivyo kisima kikifa katika kijiji cha namna hiyo, chanzo mara nyingi ni kwamba haba hazikuandikwa, wala si umaskini.

Hapo ndipo inapoingia methali ambayo ningependa ibandikwe katika kila ofisi ya usharika: mali bila daftari hupotea bila habari. Iangalieni vizuri. Haisemi mali huibiwa. Inasema hupotea bila habari, yaani hata asiyeiba hawezi kujitetea. Daftari linailinda fedha, na zaidi ya hapo linalinda jina la mtunza hazina. Vikundi vya kuweka na kukopa vijijini vimelielewa jambo hili kuliko sisi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote. Hakuna anayemwona mwenzake mwizi kwa sababu ya kufuli hizo. Kufuli ndizo zinazowaachia nafasi ya kuaminiana.

5. Kushindwa: koleo na uhunzi

Sasa nije kwenye jambo tusilopenda kulizungumza, nalo ni kushindwa.

Mwaka 1971 serikali yetu ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi, ndani ya umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, ifikapo mwaka 1991. Ilikuwa nia njema na kazi kubwa ilifanyika. Lakini mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Maji yalikuwa ya bure, wananchi hawakuwa wamiliki, na pampu ilipoharibika watu walimngoja fundi wa serikali ambaye hakuwa na gari wala vipuri. Tulijifunza, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka umiliki na gharama za uendeshaji mikononi mwa jamii yenyewe. Hata hivyo, vituo vya maji vijijini vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havitoi maji. Tangu sheria ya mwaka 2019 tuna vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji chini ya usimamizi wa RUWASA. Kila hatua imetokana na kushindwa kwa hatua iliyotangulia. Wala si aibu. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Lakini mtu atajuaje kuwa anarudia kosa kama kosa la kwanza halikuandikwa? Kamati inabadilika, mweka hazina anahama, mchungaji anapangiwa usharika mwingine, na kamati mpya inaanza upya na kuku walewale wa ugonjwa uleule. Tunasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ni kweli, na mjukuu ana babu. Babu wa majuto mengi ya sharika zetu ni kikao kisichoandikiwa muhtasari.

Ipo methali ya wahunzi ambayo naipenda sana: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo ni kile kifaa cha kushikia chuma cha moto. Likivunjika, mhunzi hafungi karakana, kwa sababu mhunzi ndiye anayejua kutengeneza koleo jingine. Kilichovunjika ni chombo, na ujuzi umebaki. Lakini jiulizeni: je, likivunjika koleo la mtu asiye mhunzi? Huo ndio mwisho kweli.

Kwa hiyo kila mradi unapokuja, pamoja na kuuliza tutapewa nini, tuulize kikivunjika, ni ujuzi gani utakuwa umebaki hapa kijijini? Pampu ya mkono aina ya Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980 kwa majaribio ya huko Malawi na Kenya, ilitengenezwa makusudi ili wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kubadilisha sehemu zinazolika haraka. Waliobuni pampu hiyo walijua koleo litavunjika, wakatuachia uhunzi. Lakini ikiwa siku ya mafunzo tulipeleka wajumbe wawili kwa ajili ya posho, na wote wawili sasa wako Dar es Salaam, basi tulipokea koleo tukaukataa uhunzi. Safari ijayo tupeleke watu ambao hawatahama, na hasa kinamama, kwa maana wao ndio wanaojua siku ya kwanza pampu inapoanza kuwa nzito.

6. Neno kwa wenyeji na kwa wageni

Wageni wetu wapendwa, ninyi mnaotoa, naomba mniruhusu niwakumbushe methali moja: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mnaposoma taarifa iliyoandikwa vizuri juu ya mradi, ombeni pia kusikia juu ya kunguni. Na mkiambiwa, msikimbie na godoro lenu.

Nasema hivi kwa sababu upo mradi mmoja ambao taarifa yake iliandikwa "unaendelea vizuri" wakati pampu ilikuwa imekufa miezi minane. Walioandika walihofia kwamba wakisema ukweli, ufadhili utakatwa. Matokeo yake wafadhili walifurahi, wakatoa fedha za pampu ya pili ya aina ileile kwa kijiji jirani. Nayo ikafa kwa sababu ileile. Kinamama wa vijiji viwili wakarudi mtoni. Uongo huo haukuokoa mradi mmoja, uliua miwili.

Kwa wenyeji wenzangu, wazee wamesema kwa ukali kidogo, Baba Askofu mtanisamehe: mficha uchi hazai. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Taarifa ya kushindwa ikija mapema ni ombi la msaada. Ikichelewa inageuka mashtaka. Ofisi yetu ya miradi inaomba taarifa za kila robo mwaka ziwe na kipengele cha "Yaliyoshindikana na sababu zake", na kamati isichukuliwe kuwa dhaifu kwa kukijaza. Itakayotutia wasiwasi ni ile inayokiacha wazi mwaka mzima.

Jambo la mwisho kwetu sote. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii haikatazi ndugu kusaidiana, maana ipo nyingine isemayo mla cha mwenziwe na chake huliwa. Tunaalikwa kula na kulisha. Tangu sharika zetu zilipoanza mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, aliyepewa mtamba hatoi shukrani kwa barua. Anatoa ndama jike wa kwanza kwa jirani. Siku hiyo anaacha kuwa mpokeaji, anakuwa mfadhili. Nimewaona wajane wakikabidhi ndama mbele ya kanisa, na sijaona mfadhili mwenye furaha kuliko wao.

Hitimisho

Ndugu zangu katika Kristo, Bwana wetu alisimulia habari za watumwa watatu waliopewa talanta. Yule wa tatu hakuiba, hakula, hakupoteza hata senti moja. Alifukia. Hesabu zake zingepita ukaguzi wowote. Lakini alichagua kutochagua, kwa sababu ya hofu, na hilo ndilo lililomponza. Kamati inaweza kushindwa kwa kufanya vibaya, na inaweza kushindwa kwa kufukia. Mungu atusaidie tuogope zaidi hilo la pili.

Naomba mnaporudi sharikani, kikao cha kwanza kijadili maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari:

1. Kati ya miradi yetu yote, ni upi tutaumaliza kwanza, na ni ipi tutaisimamisha mpaka huo uishe?
2. Daftari la mradi liko wapi, linashikwa na nani, na mara ya mwisho lilisomwa mbele ya washarika lini?
3. Chombo chetu kikuu kikivunjika kesho, nani hapa kijijini anajua kukitengeneza?
4. Ni jambo gani limeshindikana robo hii, ambalo bado hatujaliandika?
5. Ni methali ipi hutumika zaidi katika vikao vyetu, na ni nani hulipa gharama yake?

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname pamoja, wenyeji na wageni, kila mmoja upande wake wa kitanda, na tusiogope kunguni.

Mungu awabariki.